Sindano ya Bastola

Machi 3

Mvua imeanza jana, na paa la chumba cha mbele nalo limeanza. Nimesogeza cherehani ukutani, nimeweka ndoo pale ilipokuwa, na wateja sasa wanapimwa nguo wakiwa wamesimama kando ya ndoo. Mume wangu ameitazama hiyo ndoo mchana kutwa. Zamani angekuwa juu ya paa kabla sijamaliza kulalamika.

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia. Binti yetu yuko chuoni na mitihani inamkaba, na mama yangu ukimwambia jambo leo, kesho utalisikia sokoni.

Machi 5

Niliweke sawa, maana nisipoliandika nitasahau lilianzaje.

Mume wangu ni dereva wa treni. Kazini walimbandika jina la Breki, na mtaa mzima ukalidaka, hata mimi. Sababu yake ni kwamba alikuwa anasimamisha treni kwa upole mpaka abiria waliosinzia wakawa wanapitilizwa vituo vyao, halafu wanakuja kulalamika kwamba treni haikusimama. Alilipenda jina hilo kuliko nishani.

Januari, kwenye kona ya kiwanda cha mbao, mtu mmoja alisimama katikati ya reli. Mume wangu alifunga breki. Treni haisimami kama baiskeli. Uchunguzi ulimwondolea lawama zote, wakubwa wakamshika mkono mmoja baada ya mwingine, wakampa likizo mpaka mvua zikatike. Kaniambia jambo moja tu kuhusu siku hiyo, kwamba yule mtu alimtazama.

Tangu hapo hakuna anayemwita Breki. Wenzake wakija kumjulia hali wanamwita ndugu, bwana, mkubwa, chochote kile mradi wasiliguse jina lile. Mimi pia nimelikwepa, nimebaki kumwita "wewe" kama mteja nisiyemjua jina. Anajua tunachokwepa.

Machi 9

Shemeji kaja na kisanduku kwapani, amelowa, anacheka. Huyu ni mdogo wake mume wangu, mtu ambaye hata msibani anaweza kukupa hadithi ya kuchekesha kabla hujakaa. Wote wawili ni wanachama wa kilabu cha shabaha. Bastola ya kulengea shabaha waliiagiza mwaka jana, kibali kikatoka kabla ya mambo ya Januari, na sasa ndiyo imefika. Shemeji anasema mtu aliyekaa bila kazi anahitaji kitu cha kushika. Nikamwambia ningemletea kaka yake nyundo, paa linavuja. Akacheka. Nilimwona mjinga na bado namwona mjinga.

Machi 10

Leo imefunguliwa. Asubuhi mume wangu aliniita mlangoni mwa chumba, sauti yake ya kawaida kabisa: "Fundi, una vitambaa vyeupe vya pamba? Visivyotoa nyuzi." Tangu Januari hajaniita Fundi. Nilimkatia vitambaa vya mraba kutoka kwenye mabaki ya shuka, vizuri, pembe zake sawa, kana kwamba naandaa sare za harusi.

Alitandika taulo mezani. Kwanza alitoa kile kikasha cha risasi kinachoingia mpinini, kitupu. Halafu akavuta sehemu ya juu nyuma, akachungulia ndani, akaingiza na ncha ya kidole chake kidogo ili kidole nacho kishuhudie. Baada ya hapo akaanza kuivua kipande kwa kipande, na kila kipande akakilaza kulia kwa kilichotangulia, ili wakati wa kurudisha aanzie kulia kwenda kushoto asipotee. Nilimwuliza kwa nini kitu kipya kinasafishwa. Akasema kinatoka kiwandani kimepakwa mafuta mazito ili kisipate kutu njiani, na mafuta hayo si ya kufanyia kazi, ni ya kusafiria. Ukipiga hivyo hivyo yanaganda, yanashika uchafu, na mkono unaanza kudanganywa.

Alisukuma kitambaa ndani ya mtutu kwa kijiti chake. Cha kwanza kilitoka na rangi ya chai. Kilichofuata kilikuwa cha kijivu. Aliendelea hadi kikatoka cheupe kama kilivyoingia, akakiinua dirishani anionyeshe. Kisha akashika kijichuma chembamba, kirefu kama kiungo cha kidole. "Hiki ndicho kinachogonga risasi nyuma," akasema. "Bila hiki, hii ni uzito wa kuzuilia karatasi."

"Basi ni sindano," nikasema. "Hata cherehani yangu bila sindano ni meza yenye kelele."

Alicheka. Alicheka hasa, mpaka akaweka kile kichuma chini. Akasema vyema, kuanzia leo ni sindano. Nimerudi kwenye kazi yangu nikiwa na furaha ya kijinga, nikamshonea mteja zipu juu chini.

Machi 11

Mvua. Ameisafisha tena.

Machi 12

Ameisafisha tena. Vitambaa vyote vimetoka vyeupe.

Machi 14

Wamekwenda uwanjani na shemeji. Amerudi na karatasi yenye matundu yaliyokaa pamoja karibu na kitovu, shemeji anajisifu kana kwamba amepiga yeye. Bastola inarudi nyumbani, inawekwa ndani ya kisanduku cha chuma, na ufunguo anautundika shingoni. Risasi haziruhusiwi kutoka kilabuni. Anazitoa mtunza ghala, na zilizobaki zinarudi kwake.

Machi 19

Kila siku taulo, kila siku vitambaa. Hajakwenda uwanjani tena. Leo nimemwuliza kitu kisichotumika kinachafukaje. Akasema vumbi. Mvua hii yote, vumbi litoke wapi? Nikajifanya nimeridhika.

Namwangalia sasa na siipendi namna anavyokaa. Zamani akifanya kazi ya mikono alikuwa anapiga mluzi, anauliza saa, anaitaka chai. Sasa akimaliza kuirudishia anabaki ameishika mapajani, anatazama ukuta. Binti amepiga simu, akaniuliza baba anaendeleaje, nikasema amepata cha kumshughulisha.

Machi 23

Mwandiko uvumiliwe.

Koti lake la mvua lilikuwa limetoboka mfuko. Nimelichukua asubuhi kulishona bila kumwuliza, kazi ya dakika chache. Nilipogeuza bitana nje nikahisi kitu kigumu chini pindoni. Nikafikiri ni sarafu. Nikafumua nyuzi kidogo, kikaniangukia kwenye kiganja. Risasi. Moja, ndogo, ya rangi ya shaba.

Nilikaa nayo. Mteja aliingia, mwalimu mkuu ambaye kila mwaka ananenepa na kila mwaka analaumu futi yangu, nikampima huku risasi iko ndani ya sidiria. Sikumbuki hata vipimo vyake. Nadhani nimemwandikia kiuno cha mtoto.

Nilijieleza kila namna. Ameisahau mfukoni, imepenya kwenye tundu, basi. Mtu anaweza kusahau. Lakini mume wangu hajasahau kitu tangu nimjue. Huyu ndiye anayejua ratiba za treni zilizofutwa miaka mingi iliyopita.

Nimelishona koti nikalirudisha kwenye msumari. Baada ya chakula cha mchana nikamwona kupitia upenyo wa pazia. Ameshika koti, anapapasa mfuko, kisha pindo, kisha mfuko tena. Nikangoja aniulize. Mtu aliyepoteza kitu alichokisahau hana cha kuficha, anauliza tu. Hakuuliza. Akalitundika koti, akaenda kukaa.

Naogopa. Naogopa mume wangu atajiua. Nimeliandika na dari haijaanguka.

Machi 24

Nilimfuata shemeji kazini kwake, nikamwita nje, nikamwekea risasi mkononi na kumwambia ninachokiogopa. Akaichukua na uso wake ukabadilika kidogo, kisha akaurudisha mahali pake. Akasema kila mtu kilabuni amewahi kurudi na moja mfukoni. Akasema nisimwekee kaka yake jambo kichwani. Nilitaka kumzaba kofi mbele ya wafanyakazi wenzake.

"Umwambie akuachie bastola," nikasema.

"Nikimnyang'anya hiyo, shemeji, nimemwambia kwamba simwamini. Hicho ndicho kitakachommaliza."

Nimerudi kwa miguu kwenye mvua. Jambo baya ni kwamba sina hakika kama amekosea.

Machi 27

Nimewaza hivi. Risasi nimeitoa, lakini aliyepata ya kwanza atapata ya pili. Kisanduku nikikificha, atajua, na nyumba itakuwa ya walinzi wawili. Kumwuliza nimejaribu jana. Nilianza vizuri, "Mume wangu, moyo wako ukoje?" Akasema, "Upo." Nikashindwa kuendelea, nikamwuliza kama anataka maharage.

Kumbe kuna kitu kinachoweza kutoka bila kuonekana.

Machi 28

Nimemwambia anifundishe kuifungua na kuisafisha. Alinitazama muda mrefu, nikafikiri amenigundua. Kisha akavuta kiti cha pili.

Sijui kama nimewahi kuwa na mchana mzuri kiasi hiki na mbaya kiasi hiki. Alikuwa mwalimu mpole. Alinifunza nichungulie kwanza, nihakikishe kwa kidole, ndipo niguse kitu kingine. Alinikanya nisilazimishe, kama kipande kinakataa basi mimi ndiye niliyekosea. Nilipofika kwenye sindano vidole vyangu viliitoa vyenyewe, vimezoea vitu vyembamba. Akasema, "Tazama huyo! Mimi ilinichukua juma zima." Akanisifu. Nilikuwa nafundishwa na mtu namna ya kumwibia, na ananisifu kwa wepesi wa mkono.

Tuliirudishia pamoja. Mara moja tu mkono wake uligusa wangu na kutulia hapo. Nusura niseme kila kitu.

Machi 31

Nimeitoa.

Akiingia kuoga anauvua ufunguo na kuuacha juu ya kitanda. Leo alioga maji ya moto, nilimchemshia mengi makusudi. Nilifungua, nikachungulia, nikahakikisha kwa kidole, kana kwamba yuko nyuma yangu anasahihisha. Sindano nimeichomeka kwenye kijimto changu, katikati ya sindano za cherehani. Vipande vingine nimevirudishia kama vilivyokuwa. Nje huwezi kuona tofauti yoyote, hata uzito ni ule ule.

Kosa nimeliona baada ya kufunga kisanduku. Kesho akiifungua kuisafisha ataona haimo. Mtu anayeivua kila siku! Nilikuwa nimefikiria yote isipokuwa hilo. Nimekaa nimejishika kichwa.

Aprili 1

Hajaifungua. Ameitoa, ameipangusa nje kwa kitambaa, ameirudisha. Kasema imeshakuwa safi, haihitaji tena. Nilishukuru, kisha nikajiuliza kwa nini mtu anaacha ghafla kutunza chombo chake.

Aprili 4

Mvua. Simjui huyu ninayelala naye.

Aprili 9

Shemeji anakuja kila jioni akitoka kazini. Analeta drafti, anashindwa makusudi, anasimulia upuuzi wa ofisini. Kaka yake hajibu. Shemeji anaendelea kuongea peke yake kama redio, mpaka giza linaingia. Leo nilipomsindikiza mlangoni niliona macho yake mekundu. Akasema ni moshi wa jiko langu. Jiko langu la umeme.

Nilimwona mjinga. Anaogopa kama mimi, ila yeye kuogopa kwake kuna kelele.

Aprili 13

Kutwa nzima amekula kipande kimoja tu cha mkate.

Aprili 16

Nimepeleka sare za shule, mzigo mzima, mvua ikanizuia huko. Nimerudi alasiri nikamkuta amelala kitandani na viatu mguuni. Nimemvua viatu. Hakuamka.

Aprili 17

Ajabu. Ameamka akaomba chai. Akanywa, akaomba nyingine. Akaniuliza ndoo ya chumba cha mbele inamwagwa mara ngapi kwa siku. Mchana alipanda juu ya paa kwenye manyunyu, nikashika ngazi huku nikimtukana. Tundu hajaliziba sawasawa, lakini amepanda.

Aprili 22

Anakula. Hasemi, ila anakula. Mara nyingine nikiwa nashona naona amekaa kwenye kiti cha wateja, ananitazama mikono. Nikimwuliza anatafuta nini anasema hatafuti kitu.

Aprili 30

Mvua zinapungua. Ofisi ya reli imepiga simu kuuliza kama atakuwa tayari Juni. Alisema atawajibu. Alipoweka simu chini nikaona shati limemlowa mgongoni.

Mei 9

Kilabu kina mashindano ya kufungia msimu. Shemeji amemwandikisha bila kumwuliza, akidhani atampa moyo. Mume wangu kasema haendi. Shemeji akasema jina limeshabandikwa ubaoni. Mume wangu akanitazama mimi, si yeye, akasema tena haendi.

Mei 12

Sindano iko kwenye kijimto na kila siku naikwepa na kidole. Kama atakwenda, atasimama mbele ya watu wote, atavuta, na hakuna kitakacholia. Atakuwa mtu asiyeweza hata kupiga karatasi. Na atajua ni nani, maana ni nani mwingine aliyefundishwa? Anakula sasa, anapanda paa. Huenda hofu yangu imepitwa na wakati. Kesho kutwa akioga nitairudisha.

Mei 14

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Aliingia kuoga. Nilichukua sindano kwenye kijimto, nikainuka, nikamkuta amesimama mlangoni mwa chumba cha mbele, mkavu, taulo begani, ufunguo mkononi. Maji yalikuwa yanamwagika huko bafuni peke yake.

"Usijisumbue, Fundi," akasema. "Najua haimo."

Nilimwuliza tangu lini.

"Tangu siku ulipopeleka sare."

Nikasema haiwezekani. Nilisema haraka haraka, kama mtu anayebishania bei, kwamba aliacha kuifungua tangu mwanzo wa mwezi ule, kwamba nilikuwa namwangalia, alikuwa anaipangusa nje tu. Asingeweza kujua bila kuifungua.

"Sikuifungua," akasema. "Niliijaza, nikaivuta. Ikalia kama kalamu ya kubonyeza."

Nilimpiga. Nilikuwa na futi shingoni, nikaivuta nikampiga nayo, kifuani, begani, usoni. Futi ya kitambaa haimuumizi mtu. Alisimama akapigwa mpaka nikachoka nikakaa chini sakafuni, na yeye akakaa, tukakaa pale kwenye vipande vya nguo za watu.

Akaniambia mengine, polepole. Ile risasi ya pili aliipata uwanjani siku ile ile moja na ya kwanza. Sare nilizipeleka asubuhi, na nyumba ilikuwa kimya kupita kiasi. Baada ya mlio ule mdogo aliketi kitandani akanikasirikia. Alinitukana peke yake mpaka matusi yakamwishia. Kisha akawaza kwamba mimi ninajua, nimejua siku zote hizi, na bado ninamchemshia maji na kumwuliza kama anataka maharage. Ndipo usingizi ukamchukua, viatu mguuni. Ile risasi ameitupa chooni kesho yake.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

"Ningekwambia nini? Kwamba asante?" Akafuta uso kwa taulo. "Kila siku nilikuwa nataka kukwambia. Nakaa kwenye kiti chako cha wateja nangoja mdomo ufunguke."

Nikamwuliza kama anataka bado. Nilimwuliza waziwazi, kwa neno lenyewe, ambalo tangu Machi nilikuwa nikilizunguka. Akafikiri. Sikupenda kwamba alifikiri, lakini nilipenda kwamba hakunidanganya.

"Si kila siku," akasema.

Nikasema basi tunakwenda kwa daktari, na bastola inatoka humu leo, si kesho. Akakubali yote mawili. Alikuwa na sharti moja, kwamba kwa daktari aseme mwenyewe. Nisimsemee.

Mei 15

Shemeji alikuja jana ile ile, akakipeleka kisanduku kwa mtunza ghala, na sindano ndani ya bahasha peke yake. Nilimweleza kila kitu mbele ya kaka yake. Aliketi, akafungua mdomo kutoa utani, na utani haukutoka. Akalia kwa sauti kubwa. Mume wangu akamshika kichwa akimwambia basi, basi, kama alivyokuwa akimwambia walipokuwa wadogo, bila shaka. Kisha wakacheza drafti na safari hii shemeji alishindwa kihalali.

Leo nimefua mashuka yote ya nyumba. Jua limetoka.

Mei 16

Sijalala vizuri. Kila akinyamaza namwita. Ameniambia nitamuua kwa kumwita.

Tukatazamana, kisha tukacheka, si vizuri, lakini tukacheka.

Mei 18

Hospitali. Foleni ndefu, mama mmoja ana mtoto anayekohoa, mwingine anadai amerukwa zamu. Mume wangu alikaa wima kwenye benchi kama yuko kwenye mtihani wa leseni. Mara mbili alisimama aondoke, mara mbili nikamshika pindo la koti, na mara ya pili mshono wangu mwenyewe ukafumuka.

Daktari ni mwanamke, huenda akawa na umri wa binti yetu na miaka michache juu. Nilivunjika moyo, nikajiuliza atajua nini huyu. Akauliza shida ni nini. Mume wangu akanyamaza. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, nimeyapanga njia nzima, nikauma ulimi kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Huko nje yule mtoto aliendelea kukohoa. Daktari hakumharakisha. Aliweka kalamu chini, akakunja mikono, akangoja. Hapo nikamheshimu.

Kisha mume wangu akaanza kusema. Alianzia kwenye kona ya kiwanda cha mbao, na aliyoyasema mengine hata mimi sikuwa nayajua, kwamba yule mtu alikuwa amevaa shati jekundu lililopigwa pasi vizuri, na kwamba kila anapofumba macho anaiona ile pasi na kujiuliza ni nani aliyeipiga asubuhi ile. Alisema yote, na ya Aprili pia. 

Daktari alimwuliza anataka nini sasa.

"Nataka kuishi," mume wangu akasema. "Lakini sijui naanzia wapi."

Daktari akavuta kalenda iliyokuwa mezani kwake, akapitisha kidole. "Tuanzie Alhamisi," akasema. "Saa nne asubuhi. Na reli waandikie kwamba Juni bado."

Mei 20

Mvua imekatika kabisa. Mwalimu mkuu amelalamikia kiuno cha gauni, na safari hii ana haki. Kesho ndiyo Alhamisi. Mume wangu ameniuliza avae nini, nikamwambia lile shati la bluu. Amelipiga pasi mwenyewe.